Mgonjwa wa saratani akishatibiwa, nani anamwandikia fizio? Naona wanaandikiwa wanaojua kuuliza tu

Mwana wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye mgonjwa nyumbani avute kiti.

Mwaka jana mwezi wa nne dada yangu aliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Hospitali siitaji, na naomba mtu asinilazimishe, maana ninachosimulia nimeshakisikia kwa watu waliotibiwa kwingine kabisa. Kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja kutoka Kilosa, hapa nitamwita Mama Kilosa. Ugonjwa uleule, daktari yuleyule, thieta waliingia siku moja wakifuatana. Wodini wakawa kama mtu na dada yake. Chupa ya uji nikiileta asubuhi najua ni ya vikombe viwili.

Siku ya kuruhusiwa dada alitoka na karatasi nne: ya dawa, ya tarehe ya kliniki, ya majibu ya kinyama (kile kipande kilichopelekwa maabara), na kikaratasi cha kwenda fiziotherapia, yaani fizio, tiba ya mazoezi. Mama Kilosa alitoka na tatu.

Wakati ule sikuliona hilo. Nani anahesabu karatasi za mgonjwa wa mwenzake?

Dada alipataje ile ya nne? Ni mwalimu, na kuna mwalimu mwenzake aliyepita njia hiyohiyo alimwambia, "Usitoke bila kuulizia mazoezi ya mkono." Madaktari walipopita raundi akauliza. Daktari akasema "ah, kweli," akachukua kalamu akaandika palepale. Hata dakika haikuisha.

Hiyo "ah, kweli" ndiyo imenifungulisha uzi huu. Maana yake daktari alikuwa anajua. Na huduma ilikuwepo, chumba cha fizio kiko jengo hilohilo, unashuka ngazi tu. Kilichokosekana kwa Mama Kilosa ni kuuliza, na yeye si mtu wa kumuuliza daktari. Raundi ikifika anakaa sawa kitandani, anafunga kanga vizuri, akiulizwa "vipi mama?" anajibu "namshukuru Mungu baba."

Sasa angalieni mikono yao. Dada baada ya wiki sita alikuwa anaanika nguo kwenye kamba, leo anaandika ubaoni mpaka juu kabisa. Mama Kilosa alimaliza kemo (dawa kali za saratani), akapigwa mionzi wiki tano akiwa amefikia kwa ndugu Mbagala, akarudi kwao. Miezi mitatu baadaye pete ikaanza kubana. Kisha kiganja, kisha mkono mzima. Majirani wakasema kuna mtu kamtupia kitu. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale kwenye mkono uleule. Baada ya hapo amelazwa mara mbili kwa homa kali, mkono mwekundu, wa moto. Mwezi uliopita alinitumia picha, nikamwonyesha dada. Dada alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ningemuulizia na yeye."

Rufaa ya mahakamani unaikata mwenyewe ukiona umeonewa. Ya hospitali unakaa unasubiri uandikiwe, na usipoandikiwa hujui hata kama umekosa kitu.

Naomba kujua, nyie au wagonjwa wenu mliandikiwa? Na mlijuaje kwamba kuna kitu cha kuandikiwa?

---

mzee wa kijiwe

Nimeweka kambi hapa. Pole kwa dada, mkuu. Ngoja waje wajuzi.

---

Fizio wa Mkoani

Mjuzi mmoja nimefika. Niko hospitali ya rufaa ya mkoa, mwaka wa tisa sasa kwenye kazi hii.

Kwanza tuelewane kuhusu uvimbe wenyewe. Mwilini kuna maji yanaitwa limfu, yana mifereji yake, na ya mkono yanapitia kwapani. Tezi zikitolewa, au kwapa likipigwa mionzi, njia inaziba kiasi na maji yanajaa nyuma yake kama mtaro wa mtaani kwenu ulioziba taka. Kitaalamu ni limfedema. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliotibiwa saratani ya titi huipata, na wanaotolewa tezi nyingi ndio walio hatarini zaidi. Inaweza kuja baada ya miezi, inaweza kuja baada ya miaka. Hapo ndipo mfumo wetu unapoachia kamba: mgonjwa anavimba akiwa kijijini, kliniki ya saratani iko Dar au Mwanza, na zahanati ya jirani wanampima malaria.

Chale kwenye mkono wa namna hiyo ni hatari kweli. Ngozi iliyojaa maji hailindi vizuri, mchubuko mdogo tu bakteria wameingia. Hata kukata kucha, kutoboka mwiba shambani, kuungua na sufuria, vyote ni vya kuviangalia. Homa na wekundu vikianza ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Sasa kuhusu rufaa. Kwa mwezi napokea watu wa kiharusi, waliovunjika, watoto wenye mtindio wa ubongo, mgongo ndiyo usiseme. Hao wanaletwa bila kuomba. Aliyevunjika paja hakuna daktari atakayesahau kumwandikia mazoezi. Wa saratani wananijia wachache sana, na nikiwauliza nani kawaleta, wengi wana hadithi inayofanana na ya dada yako: jirani aliniambia, shemeji ni nesi, nilisoma mtandaoni. Wenye bima nzuri wapo. Watumishi wa serikali wapo. Mama wa kijijini akija, anakuja mkono umeshakuwa mgumu kama gogo, na hapo kazi ni kubwa mara tatu.

Kwenye makaratasi ya wizara huduma hii inaitwa utengamao. Neno zuri, lakini sijawahi kumsikia mgonjwa akilitamka. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao kwenye mifumo ya afya. Azimio haliandiki kikaratasi wodini.

Na msiniambie hakuna wataalamu. Ni wachache ndiyo, lakini hospitali ya KCMC pale Moshi inafundisha fizio miaka na miaka, na ninao wenzangu wenye vyeti wanaoendesha bodaboda.

---

Kapuku Halisi

Naomba nitofautiane kidogo. Watu wanafika hospitali ugonjwa uko hatua ya tatu, ya nne. Kuna anayeuza shamba apate kemo. Kwa miaka mingi mashine za mionzi zilikuwa hospitali ya Ocean Road, Dar, peke yake nchi nzima, mpaka Bugando ya Mwanza walipoanza. Leo mnataka tujadili mazoezi ya mkono? Hii ni anasa ya watu wa Tabata. Tumalizeni kwanza la kuishi, la kuanika nguo tutalikuta mbele.

---

Mwana wa Tabata

Kapuku, Mama Kilosa alikuwa analima mpunga na kukaanga maandazi. Mkono wa kushoto sasa hawezi kushika jembe, ndoo haifiki kichwani, nazi anakuniwa na mtoto aliyemwachisha shule siku mbili kwa wiki. Hiyo homa iliyomlaza mara mbili imekula pesa kuliko vikao vyote vya fizio alivyohudhuria dada. Anasa iko wapi hapo?

---

Dkt wa Zamu

Nilitaka kupita kimyakimya, ila ile "ah, kweli" imenigusa, kwa sababu nimeshaisema mwenyewe.

Nitawaambia upande wetu, si kujitetea. Siku ya kliniki ya saratani nakuta mafaili sitini mezani. Kila mmoja nina dakika chache, na dakika hizo zinakwenda kwenye maswali ya kufa na kupona: kinyama kimesemaje, damu inaruhusu kemo, dawa ipo stoo au akanunue nje. Mkono hautanipigia kelele. Mgonjwa mwenyewe ananiambia namshukuru Mungu.

Pili, chuoni tulifundishwa kuua saratani. Maisha baada ya saratani tuligusiwa kidogo sana. Kuna wenzangu mpaka leo wanaamini mazoezi yataachanisha mshono, kwa hiyo wanamwambia mgonjwa "usiutumie mkono huo kabisa." Mgonjwa mtiifu anakaa miezi sita ameukumbatia mkono kifuani, bega linaganda.

Tatu, na hili ni baya zaidi. Kuna wakati kichwani unamchuja mgonjwa bila kujijua. Huyu anatoka mbali, hatarudi, nauli hana, bima hana, nimwandikie ya nini nimsumbue? Unadhani unamhurumia. Kumbe umeshamfungia mlango kabla hajagonga.

Kuna kitu nimeona kwa wenzetu wa kifua kikuu na wa kliniki ya wajawazito: kadi yenye visanduku. Kisanduku kikiwa wazi nesi anakirudisha kwako. Kadi ya kutoka wodini baada ya upasuaji wa titi ikiwa na kisanduku kimoja cha fizio, nitakijaza kwa Mama Kilosa kama ninavyokijaza kwa mwalimu. Bila hicho mnategemea kumbukumbu yangu saa nane mchana, sijala.

---

Shangazi Mpole

Daktari umesema kiume. Wengine wangekuja na "wagonjwa nao wawe wanauliza".

---

Binti Pangani

Nimefungua akaunti hii kwa ajili ya uzi huu tu.

Mnazungumzia titi, na titi lina wasemaji. Mwezi wa kumi tunavaa pinki, tunatembea barabarani. Mimi nilikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Nilipigwa mionzi ya nje, kisha ile ya ndani. Nilipona, namshukuru Mungu kwa kweli. Niliporudi kwa mume wangu nikakuta nimebana, nimekauka, ni maumivu tupu. Nikadhani ugonjwa umerudi. Mume akadhani simtaki. Tumeishi hivyo mwaka na nusu.

Kwetu msichana akivunja ungo anapewa somo, anafundwa kila kitu cha mwili wake. Somo wangu yuko hai, nilimwendea. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hili sikufundishwa."

Niliyekuja kumwuliza ni nesi wa nchi nyingine kabisa, kwenye kundi la WhatsApp. Akaniambia hili linajulikana, mionzi hukaza njia ile, kuna vipanuzi vinavyotumika taratibu baada ya tiba ili isizibe, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga. Linajulikana! Wodini tulikuwa kumi na kitu tumelala safu moja, hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Hapo sasa hata anayejua kuuliza haulizi. Utaanzaje, mbele ya wanafunzi wa udaktari sita?

---

Fizio wa Mkoani

Binti Pangani, ahsante kwa kusema. Uliyoambiwa ni kweli. Uende fizio wa kike, mueleze hivyohivyo, hata kama mwaka umepita bado kuna la kufanya. Na mume aje.

---

Mnyalu Original

Na wazee wetu je? Baba yangu alitolewa tezi dume. Mkojo ukawa unatoka wenyewe. Aliacha kwenda kanisani, akaacha kilabu, mwisho akawa analala stoo ili mama asisikie harufu. Tulidhani ana msongo wa mawazo. Kumbe hakuna aliyemwambia kuna mazoezi ya kukaza ile misuli ya kuzuia mkojo. Alikuja kuambiwa na kijana wa fizio siku mzee alipokwenda kutibiwa mgongo! Baada ya kama miezi minne alikuwa amerudi kwenye kwaya, sauti ya besi.

---

Nesi wa Minnesota

Habari za nyumbani. Msidhani huku kumenyooka.

Marekani kuna sheria ya tangu 1998 inayosema bima ikilipia kuondoa titi, ni lazima ilipie pia titi bandia na matibabu ya uvimbe wa mkono. Lakini Medicare, bima ya wazee, haikuwa inalipia zile soksi za kubana mkono mpaka tarehe 1 Januari 2024. Miaka yote hiyo bibi wa watu anajinunulia mwenyewe, na soksi moja ikivaliwa kila siku baada ya miezi kama sita imelegea, anunue nyingine. Hospitali za saratani zenye ithibati ya chama cha madaktari wapasuaji zimewekewa sharti la kuwa na utaratibu ulioandikwa wa utengamao. Walilazimika kuliandika sharti kwa sababu hukuhuku madaktari walikuwa wanasahau, na unajua ni nani walikuwa wanasahaulika zaidi. Wasomali na Wakongo ninaowahudumia, Kiingereza hakijakaa vizuri, wanajibu "I am fine" kama Mama Kilosa anavyojibu namshukuru Mungu.

Kitu kimoja cha kuiga hakina gharama: mkono unapimwa KABLA ya upasuaji. Ukijua ulikuwa na unene gani, utajua mapema umeongezeka.

---

Fizio wa Mkoani

Nesi umenikumbusha. Wakuu, futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mikono yote miwili sehemu zilezile: kiganja, kifundo, kisha kila baada ya sentimita kumi kupanda juu. Andika kwenye daftari na tarehe. Rudia kila mwezi. Tofauti ya sentimita mbili au zaidi ambayo haikuwepo mwanzo, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kaonwe. Ikiwahiwa inatulia vizuri kwa bandeji, kukanda kitaalamu kwa mikono, mazoezi na kutunza ngozi. Haiponi moja kwa moja ikishaanza, ila inadhibitika.

Na la "usiutumie mkono": utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 uliwapa wanawake wenye uvimbe huu mazoezi ya kunyanyua vyuma, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole chini ya usimamizi. Mikono haikuzidi kuvimba, na nguvu ikaongezeka. Si ruhusa ya kubeba gunia kesho. Ni kwamba mkono unataka kazi yenye kipimo, kukaa bure kunauharibu.

---

Jirani wa Eldoret

Huku kwetu Bonde la Ufa saratani ya koo la chakula ni nyingi sana. Mgonjwa akiwekewa ile mpira ya kufungua koo, familia inafurahi amemeza chai. Lakini nani anamfundisha kumeza tena, ale nini, akae vipi asisakamwe? Wataalamu wa kumeza na kuongea ni wa kuhesabu, na wengi wako Nairobi. Kwa hivyo hata daktari akikumbuka kuandika, anaandika uende wapi? Huyo wa Kilosa angalau fizio alikuwa chini ya ngazi.

---

Kapuku Halisi

Nimesoma yote. La anasa nalirudisha mfukoni. Ila swali langu linabaki, nani atalipa?

---

Dkt wa Zamu

Swali halali. Kikao kimoja cha fizio ni nafuu sana ukilinganisha na siku tano za kulazwa na antibiotiki za mshipa. Tatizo ni kwamba kikao kinalipwa leo na mgonjwa kutoka mfukoni, na kulazwa kunakuja mwakani, kwa hiyo hakuna anayevijumlisha pamoja. Kwa asiye na bima mimi ningependekeza afundishwe vikao viwili vitatu, ndugu wa nyumbani akiwepo, halafu aendelee mwenyewe na kurudi kupimwa. Si kamili, lakini haulingani na kuachwa.

---

Mwana wa Tabata

Mrejesho, wakuu.

Jumanne nilipanda treni mpaka Kilosa, nikamchukua Mama tukarudi Morogoro. Niliwaomba watuandikie barua kituo cha afya cha kwao. Kijana wa pale aliuliza "fizio? kwani amevunjika?" Nikamwonyesha ujumbe wa Fizio wa Mkoani kwenye simu, akasoma mpaka mwisho, akaandika. Sina neno baya naye, alikuwa hajui na alikubali kujua.

Mkono ulipimwa: tofauti ya sentimita sita juu ya kiwiko. Mtaalamu alimkanda, akamfunga bandeji tabaka tabaka kuanzia vidoleni. Alitaka aje mara tatu kwa wiki. Mama akacheka, akasema, "Mwanangu, mara tatu kwa wiki mimi hata sokoni siendi." Ikabidi binti yake afundishwe kufunga. Alifunga, akafungua, akafunga tena, mara ya nne mtaalamu akasema sasa imekaa. Tutarudi baada ya wiki mbili kupima.

Njiani Mama aliniuliza hii huduma imeanza lini. Nilimwambia ya kitambo kidogo.

---

Mama Wawili

Poleni jamani. Mimi niko Sumbawanga, mama mkwe wangu mkono umeanza hivyohivyo, pete haitoki. Hizo bandeji ni zile za kawaida za duka la dawa au kuna zake?

---

Fizio wa Mkoani

Kuna zake, zinavutika kidogo tu. Zile zinazovutika sana kama lastiki usimfunge nazo usiku. Pete iondoe leo, ikigoma tumia sabuni au mafuta, ikigoma kabisa mpeleke wakaikate. Na nenda hospitali ya mkoa, usiishie mapokezi, ulizia fizio kwa jina hilo. Nicheki PM nikueleze cha kusema ukifika, namba ya simu usiiweke hapa.